Uzi wa Kahawia

Maji ya kisima chetu, pale Langoni,
hayapatani na sabuni.
Ukifua, povu hufa mkononi.
Birika, mwezi mmoja tu, huota gaga jeupe ndani
na chai yake ikawa na ladha ya ukuta.
Majirani waliyaita maji ya mawe,
wakaenda kununua ya dukani.
Shangazi yangu Mwana Shee aliyapa jina lake: fundi.

Aliyapandisha kwa kamba hadi pipa la darini,
akalitoboa pipa tundu moja la msumari,
yashuke tone kwa tone
juu ya ngazi ya mbao iliyoegemea ukuta wa uani,
na kwenye kila kipago, kalibu.
Tone likianguka hupasuka,
likipasuka huacha kitu
kidogo kuliko unga kwenye kope za mpishi.
Kesho kingine.
Kesho kutwa kingine.

Usiniletee haba na haba.
Hapa hapana kibaba cha kujazwa.
Kalibu haijazwi, huvishwa,
nguo nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
nguo juu ya nguo, miezi minane,
mpaka siku ya kuivua,
ndipo kinapotoka kibao, cheupe, kizito,
waridi limesimama, majani yamejikunja,
uso wake laini kama jino la mtoto.

Shangazi hakujua kusoma.
Lakini maandishi ya kalibu, yale ya kinyume,
aliyachonga kutoka mkiani kwenda kichwani
kwa kisu cha kuparia samaki,
asikosee hata nukta.
Mimi niliyemaliza darasa la nane
nilikuwa nakimbilia kioo.
Nikamwuliza: huchoki kungoja?
"Mai hayana haraka," akasema. "Ni weye mwenye ndaa."

Bwana Bunu wa Mkomani alileta arubuni
na jina la nyumba yake mpya: Tulizo.
Kila Ijumaa alipita kuulizia,
akichungulia ngazi kama mtu anayechungulia chungu cha jirani.

Mwezi wa tano Shangazi alilala, asiamke.
Alfajiri wanawake walikuja na ndoo,
wakateka, wakateka, hata kisima kikatoa tope.
Maji yote ya siku ile yalikwenda kwake:
ya kumwosha,
ya kutawadhia waliokuja,
ya masufuria ya wali wa matanga.
Darini pipa likakauka.
Siku tatu kalibu zilikaa bila tone,
zikivaa vumbi la nyayo za watu na moshi wa udi.

Siku ya nne nilipanda mwenyewe, nikajaza pipa,
nikashuka, nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.
Kwa muda mrefu, kimya.
Halafu: ndo.
Sikuwa nimelia mpaka hapo.

Mwezi wa nane nikakivua cha Bwana Bunu kwa kabari ya mti.
Waridi zima. Jina zima.
Nikakisimamisha ubavuni, pale unene unaposomeka:
nyeupe, nyeupe,
na katikati uzi wa kahawia
umenyooka kama umepigwa kwa rula.
Upande wa uso ulikuwa wake.
Upande wa mgongo, ule utakaotazama ukuta, wangu.

Bwana Bunu akapitisha ukucha juu ya uzi.
"Hapa pana kasoro," akasema.
Nikasema, ndiyo.
Akataka apunguziwe.
Nikampunguzia mia tano, sikuongeza neno.

Wakakifunga kwenye gunia, juu ya punda,
na punda akaingia kichochoroni taratibu,
siku tatu zile zikitikisika mgongoni mwake.